Jiwe la Mizani

Hapa Mchikichini nguo za mtumba huuzwa kwa jicho, lakini dagaa huuzwa kwa mizani. Ukimtilia shaka mwenye mizani, hukuonyesha stika ya Wakala wa Vipimo. Stika hiyo yatosha kwa nusu kilo. Lakini mkaguzi naye alikuja na mawe yake. Hayo yalipimwa kwa mawe gani?

Tangu 1889 hadi Mei 2019 swali hilo liliishia kwenye kipande kimoja cha platinamu na iridiamu, kilichofungiwa karibu na Paris. Hicho ndicho kilikuwa kilo. Kama kingepungua, ingetupasa kusema kwamba vitu vingine vyote duniani vimeongezeka uzito!

Wanafalaki wana taabu zaidi, maana jiwe lao halishikiki. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake. Ilipima miale ya eksirei itokayo angani, ambayo hewa yetu huizuia isitufikie, na orodha yake ya mwisho ikawa na vyanzo 339. Wapimaji wa miale hiyo walichagua chanzo kimoja kiwe jiwe lao la mizani: Wingu la Kaa, masalio ya nyota ambayo Wachina waliiona ikilipuka mwaka 1054. Lilidhaniwa halibadiliki. Chombo kipya kilielekezwa huko kwanza, na hesabu zikipishana, chombo ndicho kilichorekebishwa.

Kati ya 2008 na 2010 mwanga wa Kaa ukapungua kwa kiasi cha asilimia 7. Mazoea yangelaumu chombo. Lakini vyombo kadhaa, vilivyoundwa na watu mbalimbali kwa namna mbalimbali, vilitoa ushahidi mmoja. Mizani ikalihukumu jiwe.

Je, anayepimwa ana haki ya kumpima mpimaji? Nasema anayo, ila kwa sharti moja: mashahidi wasiwe wamepatana. Mizani 10 zilizorekebishwa kwa jiwe moja bovu zitakubaliana vizuri sana, na zote zitapunja.

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, kila karatasi ya mtihani ilisahihishwa na wakufunzi wawili, na wa pili hakuruhusiwa kuona alama za wa kwanza. Wazee wa kazi walinung'unika: wao ndio kipimo, nani awapime? Sikubishana nao. Kila mwaka niliwasomea majina ya vijana ambao mkufunzi mmoja aliwafaulisha na mwenzake akawafelisha, na hapakuwa na mwaka ambao orodha hiyo ilikosa majina.