Mkono Unaotoa na Mkono Uliokunjwa

Ndugu zangu wa kambini, na ninyi mnaotuhudumia, tufikirie jambo moja gumu. Mtu amepasuliwa tumbo siku kumi zilizopita. Leo anapata mshtuko wa moyo: damu imeganda ndani ya mshipa unaolisha moyo, na kila dakika sehemu ya moyo inakufa. Dawa ya kuyeyusha bonge hilo ipo, kwa mfano streptokinase. Utafiti mkubwa uliotangazwa 1988, wa wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba inapunguza vifo.

Lakini dawa hii haichagui. Inayeyusha bonge la moyoni, na inayeyusha pia damu iliyoganda kuziba kidonda. Mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani mpaka afe. Ndo maana madaktari wanaonywa wawe waangalifu sana kwa aliyefanyiwa upasuaji mkubwa ndani ya wiki tatu.

Ipo njia nyingine: kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye mshipa ulioziba na kuufungua. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya kazi hiyo, ila iko Dar es Salaam. Kutoka Nyarugusu ni zaidi ya kilomita 1,000, na moyo hausubiri gari.

Sasa, daktari akitoa dawa na mgonjwa akavuja damu, tutasema kamuua. Asipotoa, mgonjwa akafa kwa moyo, tutasema ni mapenzi ya Mungu. Jamani, kwa nini lawama ziende upande mmoja tu? Kukunja mikono nako ni kuchagua. Sisemi dawa itolewe kwa kila mtu. Aliyepasuliwa kichwa juzi, daktari akimnyima, kamnyima kwa haki, maana damu ya kwenye ubongo huwezi kuibana. Ila onyo limeandikwa ili tupime, si ili tujifiche nyuma yake.

Na anayepimiwa ni mwenye mwili. Kama bado ana akili zake, aambiwe hatari zote mbili, kwa Kiswahili, Kirundi au Kibembe, kwa maneno machache. Mkalimani asipunguze neno kwa kumhurumia. Huruma ya namna hiyo inamnyang'anya mtu uamuzi wake.

Nasi tuna wajibu. Wengine tunaficha kovu kwa aibu, ama kwa kuogopa kunyimwa matibabu. Daktari asiyejua hawezi kupima. Karatasi yenye tarehe ya upasuaji tuitunze pamoja na kadi ya chakula, na watu wa nyumbani wajue ilipo.