Mafuta ya Kukaangia Ndani ya Injini: Nani Ahesabiwe Kwanza?



Wanafunzi wa uhandisi na wa kilimo katika vyuo vyetu hapa Kampala wana swali ambalo kila mwaka hurudi: je, gari la dizeli linaweza kutembea kwa mafuta ya kupikia? Jibu la fundi ni fupi: linaweza. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Siku hizi mafuta hayo hayamiminwi hivihivi. Huchujwa, hupashwa moto, kisha huchanganywa na methanoli na kostiki soda kidogo, ileile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni. Gliserini huzama chini, na kinachobaki juu ni biodizeli, nyepesi kiasi cha kupita vizuri kwenye pampu na nozeli.

Matatizo yapo, lakini yana dawa. Gari kuukuu linaweza kuziba filta mwanzoni, kwa sababu biodizeli husafisha uchafu uliolala kwenye tangi kwa miaka. Mipira ya zamani huweza kulainika na kuvuja. Lita moja hutoa nguvu pungufu kidogo kuliko dizeli ya kawaida. Ndiyo maana watu wengi huichanganya na dizeli, na sheria ya nishati ya mimea ya mwaka 2020 hapa Uganda imefungua mlango wa mchanganyiko huo hadi asilimia 20.

Kwa hiyo, kuwezekana kwake si jambo la kubishania tena. Linalobaki ni kama ni haki kufanya hivyo, na kwa masharti gani. Nchi yetu haina bandari, na dizeli yetu husafiri safari ndefu kutoka pwani. Moshi wa teksi na malori tunauvuta kila jioni pale Wandegeya na kwenye Old Taxi Park. Mtu akisema ana mafuta yanayoota shambani na yenye masizi machache, ni rahisi kumwambia “Allahu Akbar” na kufunga mjadala. Mimi naona mjadala ndio kwanza unaanza, kwa sababu usafi wa mafuta hauanzi kwenye bomba la moshi. Unaanza pale mafuta yalipotoka, na kwa mtu aliyekuwa akiyategemea kabla yako.

Tuanze na mafuta mapya, yale ya mawese, alizeti au soya. Chukua familia inayotumia lita 3 za mafuta ya kupikia kwa mwezi. Tangi la lita 60 la gari moja ni mafuta yao ya miezi 20. Gari linaweza kuyamaliza kwa safari moja au mbili za kwenda Mbarara na kurudi. Hesabu hii haisemi kwamba kila lita iliyoingia kwenye gari imetolewa kwenye sufuria ya mtu. Lakini sokoni mnunuzi wa tangi na mnunuzi wa sufuria wanasimama mbele ya pipa moja, na mmoja wao ana pesa zaidi.

Mfano mkubwa uko Indonesia, mojawapo ya nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani na mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese. Tangu Januari 2020 serikali yake iliagiza dizeli ichanganywe na asilimia 30 ya biodizeli ya mawese. Nia ilikuwa na maana: kupunguza dizeli inayonunuliwa nje na kuwapa wakulima soko. Lakini mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga biashara ya mafuta ya alizeti na bei ya mawese ikapaa, wananchi wa nchi hiyohiyo walipanga foleni kutafuta mafuta ya kupikia. Tarehe 28 Aprili serikali ikazuia mawese kuuzwa nje, na zuio hilo likadumu kwa muda wa wiki tatu hivi. Biodizeli haikuwa sababu pekee, lakini tangi za magari zilikuwa zimechukua sehemu kubwa ya mafuta ambayo yangepunguza makali. Huku kwetu pia bei za mafuta ya kupikia zilipanda mwaka huo, na aliyekula chapati kila siku alijua.

Wengine watajibu: basi tupande mimea isiyoliwa. Hoja hii ilijaribiwa kwa majirani zetu. Katika miaka ya 2000 mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake zina mafuta lakini hazifai kuliwa, ulisifiwa kwamba unaota kwenye ardhi kavu isiyo na kazi. Wilayani Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11. Mwaka 2011 kazi ikasimama na wafanyakazi wakaachishwa. Wanavijiji walilalamikia fidia ndogo, ahadi zisizotimizwa, na kuzuiwa kufika mahali walipokuwa wakichota maji na kuzuru makaburi ya wazee wao. Na kwa kuwa ardhi ya kijiji hubadilishwa hadhi kabla ya kukodishwa kwa mgeni, kuondoka kwa mwekezaji hakukumaanisha kwamba ardhi imerudi mikononi mwa kijiji. Mbono hauliwi, ni kweli. Lakini ardhi ile ilikuwa inaliwa: kuni, asali, dawa, malisho na maji. Aliyeiita ardhi isiyo na kazi hakuwa akiishi pale.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia jibu la tatu, ambalo linaonekana halina doa: mafuta yaliyokwisha kutumika. Hoteli, mikahawa ya chipsi, wakaanga sambusa na kabalagala, wote wana mafuta meusi ya kumwaga. Yakimwagwa huziba mitaro na kuchafua maji. Tukiyageuza biodizeli tumeepuka israfu na tumeepusha madhara kwa wakati mmoja. Nami naamini hii ndiyo njia bora kati ya zote tatu. Ila nina swali dogo kuhusu neno lenyewe “kumwaga”.

Takataka ni jina linalotolewa na anayetupa. Anayeokota ana jina jingine. Mafuta ambayo hoteli kubwa haiyataki tena yanaweza kununuliwa kwa bei nafuu na mama anayekaanga mihogo kando ya barabara, ambaye hawezi kununua jerikeni jipya. Sasa mfikirie mnunuzi mpya akifika hotelini na pikapu yake, akiongeza bei kidogo, akachukua mapipa yote. Hewa ya mji imepata nafuu. Mwenye gari amepata thawabu machoni mwa watu. Yule mama amerudi nyumbani na chombo kitupu, wala hakuna aliyemtaja kwenye ripoti ya mradi.

Msomaji anaweza kunijibu: lakini mafuta yanayochemshwa mara nyingi yanadhuru afya, kwa hiyo kumnyima ni kuwahurumia wateja wake. Jibu hili lina ukweli. Mafuta yaliyokaangiwa tena na tena huzalisha kemikali zisizofaa mwilini, na wanaoyala mara nyingi ni sisi wanafunzi. Lakini mafakihi walituachia kanuni inayojulikana, kwamba madhara hayaondolewi kwa kuleta madhara mfano wake. Huwezi kuokoa tumbo la mteja kwa kuua biashara ya mjane, kisha ukaiita hiyo maslaha ya umma.

Njia ipo, nayo si ngumu. Mnunuzi wa biodizeli asimpite yule mama, anunue kwake. Amlipe kwa kila lita ya mafuta yaliyochoka, ili awe na sababu ya kuyaacha mapema, na malipo hayo yamsaidie kununua mapya. Hapo mama anakuwa muuzaji badala ya kuwa mtu aliyenyang'anywa, mteja anakula chakula salama zaidi, na gari linapata mafuta. Faida ya mwenye gari itapungua. Hilo ndilo sharti lenyewe: ikiwa mradi unasimama tu kwa sababu mtu wa mwisho katika mstari hakulipwa, basi mradi huo haujasimama, umemwegemea yeye.

Bei nayo iwe na kiasi. Ulaya, ambako mafuta yaliyotumika hulipwa vizuri kwa sababu ya sheria za mazingira, kumekuwa na tuhuma na uchunguzi kwamba mafuta mapya ya mawese huuzwa kwa jina la yaliyotumika. Mafuta machafu yakiwa na thamani kuliko safi, kuna atakayeyachafua kwa makusudi. Ghushi haiwi halali kwa kuwa imevaa nguo ya kijani.

Kuna swali jingine ambalo Mwislamu hawezi kulikwepa katika mji huu wenye majiko mengi ya nguruwe: vipi mafuta hayo yakichanganyika? Jambo hili si geni kama injini ilivyo ngeni. Wanazuoni wa Kishafii walijadili zamani mafuta yaliyoingiwa na najisi, wakaruhusu kuyawashia taa nje ya msikiti. Kuyauza waliliona jambo zito zaidi, na mafuta ya nguruwe yenyewe ni mazito kuliko hayo. Wapo pia wanaoangalia kama kitu kimegeuka dhati yake kabisa. Atakayekusanya mafuta aulize masheikh kabla ya kufunga mkataba, na atenganishe mapipa tangu mwanzo.

Wapo watakaosema mimi ni mwanafunzi tu, sina gari wala kiwanda, soko litaamua. Lakini watakaoandika michanganuo ya miradi hii miaka mitano ijayo ni hawa waliokaa leo katika kumbi za mihadhara. Soko halijui jina la mtu yeyote. Anayejaza fomu ndiye anayeamua nani aandikwe na nani aachwe.

Tena tunaweza kuanza na letu wenyewe. Kila Ramadhani jumuiya zetu hukaanga sambusa na bajia za futari kwa mamia ya watu, na baada ya mwezi hubaki mafuta ambayo hakuna maskini aliyeyasubiri na ambayo tunajua yalipikiwa nini. Hayo tuyakusanye, tuyapeleke kwa wenzetu wa maabara, tuone yanatoa lita ngapi na gari gani linayakubali. Wakati huohuo watumwe wawili au watatu kati yetu waende kwa wakaangaji walio karibu na hosteli zetu, wawaulize wananunua mafuta wapi, kwa shilingi ngapi, na wanayabadilisha baada ya siku ngapi. Majibu yao yaje kabla ya mashine kununuliwa.

Wabillahi tawfiq.