Uvumi Usio na Mwenyewe

Je, mtu aliyepokea uongo akidhani ni kweli, kisha akaupeleka kwa jirani yake, amesema uongo? Wengi wetu twajibu upesi: La, maana hakuubuni yeye. Basi, wasomaji wapenzi, tuangalie jambo moja lililotukia Marekani, tuone kama jibu hilo latosha.

Wapo katika nchi hiyo, na katika nchi nyingine nyingi, watu waitwao mafuri, jina litokalo katika neno la Kiingereza lenye maana ya manyoya. Hao ni wapenzi wa wanyama wa kubuni wenye akili na tabia za kibinadamu: mbweha asemaye, mbwa-mwitu avaaye koti. Huwachora, huwatungia hadithi, na wengi hujichagulia mnyama mmoja awe kama jina lao la utani. Baadhi yao huvaa mavazi ya manyoya yawafunikayo tangu kichwa hata miguu, ambayo bei yake yaweza kufika maelfu ya dola. Walio wengi hawana vazi hilo kamwe. Tangu mwaka 2006 mkutano wao mmoja mkubwa umekuwa ukifanyika mjini Pittsburgh, ambako wenyeji hujipanga barabarani kutazama maandamano yao, nao huchanga fedha kwa ajili ya watunzao wanyama. Kwa jumla hawadhani kwamba wao ni wanyama, kama vile kijana aigizaye simba katika mchezo wa shule asivyongojea kuota makucha. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi hatuna sababu ya kushangaa mno.

Hatusemi kwamba yao yote ni mema. Wapo miongoni mwao wachorao picha za aibu, na mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake anatazama nini. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kuzusha ni jingine.

Desemba 2021, katika mkutano wa halmashauri ya shule mjini Midland, jimbo la Michigan, ilisemwa kwamba shuleni limewekwa sanduku la mchanga, ili watoto wajionao kuwa paka wajisaidie humo. Januari 2022 msimamizi wa shule hizo alitangaza kwamba sanduku kama hilo halijapata kuwako. Hata hivyo uvumi ulikwisha kuondoka, ukaenda jimbo hata jimbo. Machi 2022 seneta wa jimbo la Nebraska, Bruce Bostelman, aliusimulia mbele ya baraza la kutunga sheria. Siku hiyo hiyo akakiri kwamba si kweli, akaomba radhi. Twamheshimu kwa hilo. Wengine hawakuomba radhi. Na Machi 2025 ulipelekwa katika bunge la Texas muswada wa kuwazuia wanafunzi wasijifanye wanyama, ambao ulitaja hata masanduku hayo.

Kila mmoja wao angeweza kusema, “Nami niliambiwa.” Lakini msikilizaji hamjui aliyezusha, amjua mwalimu, shemeji, mbunge aliyemletea habari, na humsadiki huyo. Mpeleka habari ameitia sahihi yake mwenyewe. Tena, kwa nini hakuuliza? Simu moja kwa mwalimu mkuu ingalitosha. Mara nyingi hatuchunguzi, si kwa kukosa nafasi, bali kwa kuwa habari imetupendeza, nasi twaogopa isije ikawa si kweli.

Na hupendeza zaidi imhusupo mtu tuliyezoea kumcheka. Desemba 2014, katika hoteli moja karibu na Chicago walimokutana mafuri, ilienea hewa ya klorini. Polisi waliona kwamba imetiwa kwa makusudi. Maelfu walitolewa nje usiku wa baridi, na watu 19 walipelekwa hospitali. Mtangazaji mmoja wa televisheni, alipofikia habari hiyo, alishikwa na kicheko akaondoka mbele ya kamera. Hakuwa mtu mbaya, twadhani. Alikwisha kusahau tu kwamba ndani ya manyoya mna mapafu.

Lakini mchanga wa paka kweli umeonekana katika shule za Marekani. Waandishi waliofuatilia uvumi huu mwaka 2022 waliukuta katika wilaya ya Jefferson, jimbo la Colorado. Huko ndiko iliko shule ya Columbine, ambamo wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa kwa risasi mwaka 1999. Tangu mwaka 2017 wakubwa wa shule za wilaya hiyo walikuwa wameweka madarasani ndoo zenye vifaa vya hatari, na mchanga huo miongoni mwake, ili watoto wapate pa kujisaidia watakapofungiwa ndani kwa saa nyingi, wakijificha mwenye bunduki.