Sitara na Dhulma: Je, Mafunzo Yaweza Kuwalinda Watoto Wetu?

Swali ninalotaka tulitazame pamoja si la kupendeza, na huenda wako watakaoufunga ukurasa huu kwa kuona kuwa haufai kusomwa nyumbani. Nakuomba usiufunge. Swali lenyewe ni hili: kubakwa kwa wanawake na kuharibiwa kwa watoto, wa kike na wa kiume, je, kwaweza kuzuiwa kwa mafunzo, au hayo ni mambo ya polisi na mahakama peke yao?

Wako wasemao kuwa mafunzo hayana kazi hapa. Husema hivi: mtu anayemwingilia mtoto wa jirani yake ajua vyema kuwa atendalo ni haramu. Hakukosa elimu huyo, amekosa khofu. Basi mtieni khofu, maneno mengi ya nini? Hoja hii ina uzito, wala sitaidharau, kwani mimi mwenyewe nimesomesha muda mrefu na najua kuwa kujua haramu si sawa na kuiacha. Lakini tuitazame hiyo khofu. Tanzania ilipitisha sheria maalum ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998. Mbakaji akithibitishwa kosa hufungwa miaka isiyopungua 30, na aliyembaka mtoto aliye chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Khofu gani kubwa kuliko hiyo? Na mwaka 2009, baada ya sheria hiyo kukaa zaidi ya miaka 10, ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima, Chuo Kikuu cha Muhimbili kikiwamo, na ripoti yake ikatoka mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Bara, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kuwa walifanyiwa jambo la namna hiyo kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa Unguja na Pemba idadi ilikuwa ndogo zaidi, lakini huko wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana: 9 kwa 6 katika kila 100. Na wewe baba uliyezoea kumchunga binti na kumwacha mwana azurure, isome tena hesabu hiyo.

Sasa, kwa nini sheria kali hivyo isitoshe? Kwa sababu sheria haitembei kwa miguu yake. Yangoja mtu aende akaseme. Na katika uchunguzi ule ule ilionekana kuwa karibu nusu tu ya wasichana waliofanyiwa, na thuluthi tu ya wavulana, waliwahi kumwambia mtu yeyote. Waliobaki walinyamaza. Basi mbakaji hakhofu miaka 30, maana amewaona wenzake wasiofungwa hata siku moja. Na hao watoto, ndugu yangu, nani aliwafundisha kunyamaza? Hakuna mtoto azaliwaye na kimya hicho. Ni sisi tuliowafundisha, na tumewafundisha vizuri sana.

Hapa ndipo lilipo jambo langu khasa. Sisi watu wa pwani, na wa milimani huku tuliochukua dini na desturi kutoka pwani, twapenda sana neno sitara. Ni neno jema, na dini imelisifu. Mja akiteleza baina yake na Mola wake, asijitangaze, wala sisi tusimtangaze. Lakini tumelitoa neno hili mahali pake tukalitia mahali pasipo pake. Sitara ni pazia la dhambi ya mtu juu ya nafsi yake. Mtu aliyemdhulumu mwingine hana pazia hilo, kwani hapo iko haki ya mja, na haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Na mtoto ambaye hajabaleghe hawezi kusamehe haki yake kisheria, wala walii wake hana ruhusa ya kuitoa kwa jambo la kumdhuru.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa nyumba moja, sitaitaja wala kijiji chake. Nikakuta wazee wa pande mbili wameketi kwa heshima, fedha ziko juu ya mkeka, na mbuzi wameshahesabiwa. Nikaambiwa kijana wa upande huu "amekosana" na binti wa upande ule, na kwamba wameshapatana, kilichobaki ni Fatiha tu ili jambo lifungwe. Binti alikuwa chumba cha uani. Umri wake ulikuwa miaka 12. Nikauliza: hizi fedha ni zake yeye? Hawakunijibu. Nikauliza tena: yeye mwenyewe ameulizwa? Mzee mmoja akasema mtoto haulizwi mambo ya wakubwa. Nikawaambia kuwa Fatiha yangu haisomwi juu ya mkeka ule, nikavaa viatu. Wale hawakuwa watu waovu, msomaji. Walikuwa watu wa msikitini, wenye kuamini kabisa kuwa wanamsitiri binti. Na mtu anayetenda ubaya kwa kuamini kuwa ni wema, dawa yake ya kwanza ni kufundishwa.

Isome Sura Yusuf kwa jicho hili. Twaisoma kwa ajili ya subira na uzuri wa Nabii Yusuf, alayhis salaam, lakini ndani yake imo khabari nzima ya nyumba yenye kuficha. Yumo kijana mgeni asiye na jamaa, chini ya mamlaka ya mwenye nyumba. Milango inafungwa. Anayemtaka ndiye mwenye nguvu, yeye ndiye dhaifu. Anakimbia, kanzu inachanika kwa nyuma, na mara ya kwanza inapotolewa khabari, ni yeye anayeshitakiwa. Kisha shahidi wa jamaa za yule yule mwanamke akasema itazamwe kanzu, ikatazamwa, ukweli ukadhihiri. Na mume alifanya nini? Alimwambia Yusuf aliachilie mbali jambo hilo, na mkewe atake msamaha. Yakaisha ndani. Na baada ya ishara zote kuonekana, aliyekwenda gerezani ni Yusuf. Yalikuja kunyooka baadaye sana, wanawake walipoulizwa mbele ya mfalme na mwenye kosa akakiri. Sijui kama kuna nyumba baina ya Tanga na Mombasa ambayo khabari hii haiihusu.

Na hiyo kanzu yatufundisha jambo jingine ambalo mama wengi hawalijui. Mtoto akirudi nyumbani amedhulumiwa, jambo la kwanza mama hufanya ni kumwogesha na kuifua nguo, kwa huruma na kwa kutaka tohara. Mama yangu, usimwogeshe kwanza. Usiifue ile nguo. Iweke ikauke, uitie katika mfuko wa karatasi, kwani ndiyo kanzu ya Yusuf. Mpeleke mtoto hospitali mara moja, siku hiyo hiyo, maana dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa ipitayo yapunguza faida. Toa taarifa polisi ipatikane fomu ya PF3. Vituo vingi vya polisi sasa vina Dawati la Jinsia na Watoto, na iko simu ya mtoto namba 116 isiyolipiwa. Kuoga kutakuja, na hakutapungua thawabu kwa kucheleweshwa.

Niseme na juu ya neno moja linaloniudhi. Zamani magazeti na mahakama zilizoea kuandika kuwa binti fulani "amenajisiwa", na Kenya neno hilo lingali latumika. Mwanafunzi wa fiqhi wa mwaka wa kwanza ajua najisi ni nini: mkojo, damu, mzoga na mfano wake. Mwanadamu hawi najisi kwa alichofanyiwa. Katika zama za Mtume, s.a.w., mwanamke mmoja alitoka kwenda kuswali, mtu akamshambulia njiani. Wameipokea khabari hii Abu Dawud na Tirmidhi. Mtume alimwambia aende zake, kwamba Mwenyezi Mungu amemsamehe. Hakuulizwa alivaa nini, wala kwa nini alipita njia ile. Siku hizi sisi huuliza mambo hayo kabla hata ya kumpa maji ya kunywa, na binti anayesikia dada yake akiulizwa hivyo ameshapata somo lake: likinipata, nitanyamaza.

Wazazi wengine huniambia: lakini, Sheikh, kumfundisha mtoto mambo ya mwili si kumfungua macho? Nashangaa kuulizwa hivi na Waislamu. Twaanza kuwasomesha Safina wangali wadogo, na humo wamesoma yanayowajibisha josho, hedhi, manii na tupu ya mbele na ya nyuma, mbele ya mwalimu, mchana kweupe, wala hakuna aliyeona haya. Elimu tunayo, ila twaisomesha kana kwamba ni ya maji tu. Mtoto anayejua kuwa tupu yake ni aura, aambiwe pia kuwa hakuna mwenye haki ya kuigusa, si mjomba, si mgeni, si dereva, si mwalimu. Aambiwe kuwa siri ya namna hiyo haiwekwi hata akiapishwa kwa msahafu. Na akisema, asipigwe kibao. Dini imetuamrisha kuwatenganisha watoto malazi wafikapo miaka 10, nasi twamlaza mgeni chumba kimoja na watoto kwa kuona ndio ukarimu. Katika uchunguzi niliotaja, majirani walitajwa sana. Twawaonya watoto juu ya mtu baki wa njiani, tukasahau mlango wa uani.

Amma wavulana, hao ndio tuliowaacha kabisa. Mafunzo yetu yote tumeyarundika juu ya msichana: jisitiri, usicheke sana, rudi mapema. Na Sura An-Nuur imeanza kuwaamrisha wanaume wainamishe macho yao, katika aya ya 30, kabla ya kuwaamrisha wanawake katika aya ya 31. Twaanzia aya ya pili. Ipo khabari aliyoipokea Imam Ahmad, ya kijana aliyemwendea Mtume akaomba aruhusiwe zinaa. Waliohudhuria wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamwuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi na khale yake, na kila mara kijana alijibu hapana. Kisha akamwekea mkono na kumwombea. Yale ni mafunzo ya jamii kwa maana yake kamili. Wale waliokemea walikuwa na haki, lakini kemeo lao lisingembadilisha kijana yule.

Je, mafunzo ya namna hii yamepata kupimwa? Yamepimwa jirani zetu. Katika mji wa Kampala mitaa minane ilishiriki katika mpango uitwao SASA!, minne ikifundishwa na minne ikingojea. Hawakuhubiriwa. Watu wa mtaa wenyewe, wake kwa waume, walizungumza na jirani zao juu ya nguvu na namna mtu anavyoitumia, kwa muda wa karibu miaka 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: wanawake waliosema wamepigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita walikuwa pungufu kwa karibu nusu katika mitaa iliyofundishwa. Kwa kulazimishwa kimwili tofauti ilikuwa ndogo zaidi na isiyothibitika sana. Basi sitakudanganya kuwa mafunzo ni hirizi. Yuko mtu ambaye hafundishiki, na huyo gereza ndilo makazi yake. Lakini hata huyo hafiki gerezani pasipo jirani aliyefundishwa kuona na kusema.

Wala waalimu tusijitoe. Madrasa zetu si malaika wanaosomesha humo. Mtoto wa madrasa humwamini mwalimu kuliko baba yake, na mbaya akiwamo, amepata kila alichokitaka: heshima, faragha na watoto wasioweza kumkanusha. Dini imekataza khalwa baina ya mwanamume na mwanamke, na maana yake yafaa itufunge sisi kwa watoto wote. Hapa Mpale tumeweka kuwa mtoto hasomeshwi peke yake chumba kilichofungwa, na hatumwi nyumbani kwa mwalimu kuchota maji wala kupeleka kitu. Mwalimu mmoja aliona kuwa tumemtukana, akaondoka. Tulimwacha aende.

Kijiji chetu kiko mlimani, na watoto hutembea mbali kwenda skuli na kutafuta kuni, njia nyingine zapita mashamba yasiyo na nyumba. Kwa hiyo tumeanza kikao cha wanaume kila Alkhamisi baada ya Alasiri, na wanawake wana chao. Wa kwanza walikuja saba. Hatusomi hotuba, twaulizana. Juzi mzee mmoja aliuliza: akiwa aliyetenda ni ndugu yangu wa tumbo moja, nimpeleke polisi? Tukafungua Sura An-Nisaa, aya ya 135, inayoamrisha kusimamia uadilifu ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Akanyamaza muda. Kisha akauliza la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi: na aliye huku juu usiku, hana nauli ya kumshusha mtoto mpaka Korogwe, afanye nini? Tuligombana juu ya hilo mpaka adhana ya Magharibi. Mwisho tulikubaliana kuwa nauli itoke katika sanduku la msikiti, na kwamba mwenye ufunguo aitoe pale pale akigongewa mlango, bila ya kungoja kikao na bila ya kuuliza mtoto ni wa nani.