Kifaa Kinachotosha: Gitaa la Besi, Programu ya Kurekodia na Dhamiri ya Mchaguzi

Kuchagua gitaa la besi na programu ya kurekodia nyumbani huonekana kuwa suala la fedha na ufundi tu. Kwa mwanamuziki wa ibada, uchaguzi huo unabeba swali zito zaidi: chombo bora huongeza chochote katika sifa anayopewa Mungu, au humwongezea hadhi mpigaji? Na kama ubora una thamani, ni kiwango gani kinachotosha, na kifaa kipatikane kwa njia ipi ili kisiitie doa sadaka yenyewe?

Swali hili lina uzito wa pekee mahali kama Shelui. Mji huo mdogo wa wilaya ya Iramba, mkoani Singida, uko chini ya mlima Sekenke, kando ya barabara kuu iendayo Igunga na Nzega. Kipato cha wengi hutokana na kilimo, mifugo, biashara ndogo na uchimbaji mdogo wa dhahabu, na fedha ya gitaa la kwaya hutoka kwenye mifuko hiyo hiyo. Dhahabu ya Sekenke, iliyochimbwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilitumika mwaka 1916 kutengenezea sarafu za rupia 15 huko Tabora. Thamani ya dhahabu huamuliwa na mzani. Chombo cha muziki hakina mzani wa namna hiyo: bei yake husema kiliuzwa kwa kiasi gani, lakini thamani yake hujulikana kwa kazi kinayoifanya. Kwa hiyo uchaguzi wa busara huanza kwa kuijua kazi hiyo.

Besi ni sauti ya chini inayobeba nyingine. Katika kwaya ya sauti nne, soprano hubeba wimbo, alto na tenori huujaza, na besi huonyesha ulipo msingi wa kila upatanifu. Gitaa la besi lenye nyuzi nne hufanya kazi hiyo kwa nyuzi za E, A, D na G. Uzi mnene zaidi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Simu ya kawaida haiwezi kutoa mtetemo wa chini hivyo. Msikilizaji wa simu hutambua noti hiyo kwa sababu sauti nyingine za juu zaidi zinazoandamana nayo hupita kwenye spika ndogo, na ubongo huikamilisha noti iliyokosekana. Aliye kanisani, mbele ya spika kubwa, huihisi kifuani. Wachache humtazama mpigaji besi, lakini akinyamaza, kwaya nzima hupwaya. Huduma ya namna hii ina somo la kimaadili ndani yake: ubora wake hupimwa kwa jinsi wengine wanavyosimama imara, na mtumishi wake hana haja ya kuonekana.

Mashaka ya dini kuhusu vyombo ni ya zamani kuliko umeme. Zaburi ya 150 inataja nyuzi, matoazi na tarumbeta katika sifa, na Kutoka 31 inamtaja Bezaleli kuwa fundi aliyejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono. Hata hivyo Augustino wa Hippo, katika Maungamo yake, alihofu kwamba uzuri wa wimbo ungeweza kumvutia kuliko maneno yanayoimbwa. Zwingli aliondoa vinanda katika ibada za Zurich katika miaka ya 1520, wakati Luther aliuona muziki kuwa karama ya Mungu. Papa Pius wa Kumi, mwaka 1903, alikataza piano na vyombo vya kelele kanisani; Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikisifu kinanda cha mabomba lakini ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa matumizi matakatifu. Katika Uislamu, al-Ghazali alilijadili suala la kusikiliza nyimbo kwa urefu, akatazama kile ambacho sauti inakiamsha moyoni mwa msikilizaji.

Iramba ina sehemu yake katika historia hiyo. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani walifanya kazi eneo hilo tangu miaka ya 1920. Mmoja wa Walutheri Wamarekani waliofuata, Howard Olson, aliyefundisha katika chuo cha Makumira na kuandika juu ya lugha ya Kinyaturu, alikusanya nyimbo za ibada zenye tuni za Kiafrika wakati makanisa mengi yalitegemea tuni za Ulaya. Kazi yake iliweka wazi kwamba kinachofaa ibada hakiamuliwi na mahali kilikotoka. Tuni ya nyumbani haikuwa duni kwa kuwa ya nyumbani. Gitaa la umeme nalo halina najisi kwa kuwa lilibuniwa California, ambako Leo Fender aliingiza sokoni besi ya Precision mwaka 1951.

Kipimo cha kwanza cha uchaguzi, basi, ni kazi. Kwa nyimbo nyingi za kwaya nyuzi nne zinatosha. Uzi wa tano, unaoshuka hadi mitetemo 31 hivi kwa sekunde, una maana pale tu spika zinapoweza kuutoa. Kwenye spika ndogo mnunuzi hulipia sauti isiyosikika. Shingo ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, na ile fupi ya inchi 30 huwafaa vijana wenye vidole vifupi. Besi zenye saketi ya betri hutoa nafasi zaidi ya kurekebisha sauti, lakini betri ya volti 9 ikiisha katikati ya ibada, nyingi kati ya besi hizo hunyamaza. Besi isiyo na betri ni salama zaidi mahali ambapo duka la vipuri liko mbali. Inayofaa ni ile yenye shingo iliyonyooka, nyuzi zisizokwaruza vyuma vya shingoni, sauti isiyohama ikishatyuniwa, na jeki isiyokatakata. Gitaa la bei nafuu lililosetiwa vizuri na fundi hulishinda gitaa la jina kubwa lililopinda.

Kipimo cha pili ni kiasi. Kwa kurekodi nyumbani, kinachohitajika ni kompyuta, kadi ya sauti ya nje yenye tundu la gitaa, hedifoni za masikio yote mawili na waya mzuri. Aristotle alifundisha kwamba wema huwa kati ya upungufu na ziada, na mfano wake ni rahisi kuuona hapa. Upungufu ni kuchomeka gitaa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, ambako sauti hukwaruza na kufifia. Ziada ni kadi ya matundu 16 kwa mtu anayerekodi chombo kimoja kwa zamu. Matundu mawili yanatosha. Besi ina faida nyingine: ikiingizwa moja kwa moja kwa waya, muungurumo wa malori yanayopanda Sekenke hauingii katika rekodi, jambo ambalo mwimbaji mwenye maikrofoni halipati. Kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake umeme unapokatika, na kadi ndogo hulishwa na kompyuta hiyo hiyo. Sampuli 44,100 kwa sekunde zenye biti 24 zinatosha. Njia moja ya sauti huchukua takriban megabaiti 8 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne wenye njia nane haufiki megabaiti 300.

Kipimo cha tatu ni uhalali, na hapa ndipo dhamiri hujaribiwa zaidi. Matumizi ya programu za muziki zilizokrekiwa yamezoeleka katika studio nyingi ndogo za Afrika Mashariki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo. Kwaya inayolalamika kwamba albamu yake inanakiliwa vibandani kwenye flashi na kadi za simu haiwezi kuirekodi albamu hiyo kwa programu ya wizi bila kujipinga yenyewe. Andiko la 2 Samweli 24 linaeleza jinsi Daudi alivyokataa kupewa bure uwanja wa Arauna ili atoe sadaka. Aliulipia pamoja na ng'ombe shekeli 50 za fedha, akisema hawezi kumtolea Mungu kisichomgharimu kitu. Ikiwa zawadi ya hiari ilikataliwa kwa sababu hiyo, kilichochukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe kina hoja dhaifu zaidi.

Hoja ya umaskini inastahili kusikilizwa kwa heshima. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba anayechukua chakula katika hitaji la kufa na kupona hatendi wizi. Fiqhi ya Kiislamu nayo inaitambua dharura, lakini huibana ndani ya kiasi cha hitaji lenyewe. Kurekodi wimbo si hitaji la kufa na kupona, na zaidi ya hapo njia halali ipo wazi. Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, ni ya bure na inatosha kurekodi na kukata sauti. Ardour ina msimbo huria na inafaa kazi ya njia nyingi. LMMS ni ya bure kwa kutunga midundo. Reaper huruhusu majaribio ya siku 60 yenye kila kitu, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, kiasi ambacho kwaya inaweza kuchangishana. Kwa anayeweza kulipa zaidi, FL Studio ya Ubelgiji huuzwa pamoja na masasisho ya bure ya maisha. Mahali penye njia halali, dharura haipo.

Kipimo cha nne ni ukweli. Programu inaweza kusogeza kila noti ikae kwenye mdundo, na kuzidisha sauti ya mtu mmoja ionekane kuwa ya watu ishirini. Kuondoa muungurumo wa umeme ni usafi. Kusahihisha noti moja ambayo mpigaji anaipatia siku nyingine ni msaada. Kutengeneza kwaya isiyokuwepo na kuiuza kwa jina la kwaya ni uongo, hata maneno yake yawe matakatifu namna gani. Bendi kama Morogoro Jazz na Mlimani Park zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam wapigaji wakiwa pamoja, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Kurekodi nyumbani huwatenganisha wapigaji. Mpigaji besi anaweza kuupunguza upweke huo kwa kupiga akiisikia ngoma na sauti za kwaya masikioni, wala si mlio mtupu wa kipima mwendo. Rekodi hiyo itawafaa wanakwaya kujifunza na kukumbuka, lakini haichukui nafasi ya kusanyiko.

Kwa vipimo hivyo vinne, kazi, kiasi, uhalali na ukweli, swali la mwanzo linapata jibu. Ubora wa kifaa una sehemu katika ibada kwa kadiri unavyowawezesha waumini kuimba kwa pamoja na kwa usahihi. Ukivuka hapo, unamhudumia mwenye kifaa. Besi ya nyuzi nne iliyosetiwa vizuri, kadi ya matundu mawili na programu iliyopatikana kwa halali vinatosha kwa kwaya ya Shelui. Fedha inayobaki itumike kumfundisha kijana wa pili kupiga, kwa maana kwaya yenye gitaa moja na wapigaji wawili ina nguvu kuliko yenye magitaa mawili na mpigaji mmoja.