Heshima Hukaa Wapi?

Kisiwa cha Saanane hakiko mbali na kwetu Igogo. Kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Watu wa kila namna huvuka kwa mashua kwenda kutazama swala, na pimbi wakaao majabalini. Lakini mwenye macho huona na jingine la kutazamwa, yaani watazamaji wenyewe. Msukuma akikutana na mzee asubuhi husema "Mwangaluka", na mchana "Mwadila", kisha huuliza habari za nyumbani pasipo haraka. Binti hupiga magoti. Mtu wa pwani hutoa "Shikamoo", akangoja "Marahaba". Mgeni wa Ulaya husema neno moja, akakutazama usoni, akauliza alitakalo.

Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu huko. Bibi mmoja wa Kizungu akamwuliza kijana wetu jina lake. Kijana akainamisha macho, akajibu kwa sauti ya chini. Bibi akanigeukia, akasema, "Je, mtoto huyu ananiogopa?" Nami nikaona haya, nikamkemea kijana mbele ya wote: "Inua uso! Mtazame anayesema nawe!" Akainua uso, machozi yakimlengalenga.

Baada ya siku chache babu yake alinijia. Hakunigombeza. Aliuliza habari za watoto na za mvua, na mwisho akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu sasa hunikazia macho ninaposema naye. Husema ndivyo ulivyomfundisha." Sikuwa na la kujibu.

Tangu hapo najiuliza: heshima hukaa wapi? Kama imo machoni, basi ama bibi yule ama babu yule amekosa. Nami sioni kosa kwa hata mmoja. Kwa bibi, kumtazama mtu usoni ni kusema, "Sikufichi neno." Kwa babu, kuinamisha macho ni kusema, "Najua u mkubwa wangu." Ishara ni mbili, lakini nia ni moja.

Pengine mtu atasema, "Kama heshima imo moyoni, ishara si kitu, kila mtu na afanye apendavyo." La, hasha! Moyo hauonekani. Mwenzetu huusoma kwa ishara, kama barua isomwavyo kwa herufi. Na aandikaye kwa herufi asizozijua msomaji hajampelekea habari. Wala si kila kosa lisamehewe kwa jina la desturi, maana dharau ni dharau kwa lugha yoyote.

Basi, wajibu ni wa nani? Naona ni wa yule ajuaye desturi zote mbili. Mtoto alijua moja, bibi alijua moja. Mimi nilijua mbili, nami ndiye niliyenyamaza nilipopaswa kusema, nikasema nilipopaswa kunyamaza. Maneno machache yangalitosha: "Bibi, haogopi, anakuheshimu."

Nilimwomba kijana radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele ya watu ndipo nilipomwaibisha. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mwenyeji atapona kwa nini, ikiwa kwa kumpendeza mgeni amemjeruhi mtoto wa nyumbani?