Kamba za Omoni

Msomaji, mtu aundaye mfano wa chombo awajibika kwa nani: kwa macho ya watazamao, au kwa chombo chenyewe?

Chukua PT-109, mashua ya doria ya Marekani iliyoundwa kwa mbao mwaka 1942, urefu wake mita 24 na ushei. Ukiipunguza mara 72 yawa karibu sentimita 34, yaenea juu ya meza ya kusomea. Gundi na rangi si kazi ngumu kwa mwenye subira. Ugumu waanzia omoni. Kabla ya safari yake ya mwisho, mabaharia waliweka hapo mzinga wa milimita 37, silaha ya vita vya nchi kavu, wakaufunga kwa kamba juu ya maboriti. Bila mzinga huo mfano hupendeza zaidi.

Mimi nasema utiwe, na kamba zake zionekane. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1943, katika Visiwa vya Solomon, manowari ya Kijapani iitwayo Amagiri iliigonga mashua hiyo ikaipasua. Walikuwamo watu 13, pamoja na nahodha wao, John F. Kennedy, wawili hawakuonekana tena. Kamba zile ni kazi ya mikono ya watu hao. Ukiziacha, mashua uliyounda siyo waliyoipanda usiku ule.

Huenda ukasema wapenda kuionyesha kama ilivyotoka karakanani. Haya, ni haki yako. Ila andika chini yake 1942, wala usiandike 1943.